Umeme Ndani ya Kebo ya Mtandao: Nyumba ya Butimba Ichague Njia Ipi?

Fundi akimaliza kufunga kamera au intaneti nyumbani, mara nyingi huacha kipande cha kebo ya mtandao kimeviringishwa stoo. Kebo hiyo hutoka kiwandani katika boksi la mita 305, na ni nadra nyumba moja kulimaliza. Katika nyumba nyingine kebo ipo tayari darini, imepita juu ya kenchi tangu siku chumba cha uani kilipokuwa na kompyuta, na leo haina kazi. Kebo hiyo inaweza kubeba umeme wa kuwasha ruta, kamera ya ulinzi, simu ya mezani ya intaneti au taa ndogo ya LED, bila kuchimba ukuta kwa ajili ya soketi mpya.

Makala hii inalinganisha njia tano za kuwasha vifaa vidogo vya nyumbani kwa macho ya mkazi wa Butimba jijini Mwanza: anayelipa umeme kwa LUKU, anayeishi kwenye mteremko wa mawe au karibu na ziwa, na anayetaka kamera iendelee kuona hata umeme ukikatika. Jambo kubwa nalisema mapema. Njia ya kebo haipunguzi gharama ya umeme. Faida yake ni kwamba vifaa vyote vinategemea chanzo kimoja, hivyo betri moja inatosha kuvilinda vyote, na volti 230 zinabaki ndani ya nyumba badala ya kutambaa uani. Ukiinunua kwa sababu hizo utaridhika. Ukiinunua kwa kutaka kuokoa uniti, utapata hasara.

Kebo inabebaje umeme

Ndani ya kebo ya mtandao mna nyaya nane zilizosokotwa mbilimbili, jozi nne: ya chungwa, ya kijani, ya bluu na ya kahawia. Mtandao wa kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, ya chungwa na ya kijani. Jozi ya bluu na ya kahawia hukaa bure, na hizo ndizo ambazo vifaa vya bei nafuu huzitumia kupitishia umeme. Mtandao wa gigabiti hutumia jozi zote nne. Kwa hiyo vifaa hivyo vya bei nafuu vikiwekwa kwenye mtandao wa gigabiti, kasi hushuka hadi megabiti 100. Kwa nyumba iliyounganishwa na intaneti ya megabiti 20 au 50 upungufu huo hauonekani. Kwa ofisi inayohamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta zake, unaonekana sana.

Wazo lenyewe si geni nchini. Simu za mezani za TTCL zilipata umeme kupitia waya uleule wa sauti, kutoka kwenye betri za volti 48 zilizokaa katika kituo cha simu. Ndiyo maana mji mzima ungeweza kuwa gizani na simu ya mezani bado ikalia. Mwaka 2003 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa kiwango cha kufanya vivyo hivyo kwa kebo ya kompyuta, chenye namba 802.3af. Chanzo hutoa hadi wati 15.4, na kifaa kilichoko mwisho wa kebo huhakikishiwa wati 12.95, pengo hilo ni la umeme unaopotea njiani. Mwaka 2009 kikaja 802.3at, chenye wati 30 kwenye chanzo na 25.5 kwenye kifaa. Mwaka 2018 kikaja 802.3bt, kinachofika wati 90 kwenye chanzo. Vyote vinaishia mita 100, na vyote hutumia umeme wa DC wa karibu volti 48, chini ya volti 60 zinazohesabiwa kuwa mpaka wa usalama kwa mkono wa mtu mahali pakavu.

Dukani utakuta herufi PoE (Power over Ethernet, yaani umeme kupitia kebo ya mtandao) zimeandikwa kwenye kila kitu, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa sababu herufi hizo hubandikwa kwenye vifaa vya aina mbili zisizofanana. Aina ya kwanza ni ya kiwango. Chanzo chake huanza kwa kupeleka volti chache tu na kupima kama upande wa pili pana kifaa kinachostahili, kwa kutafuta ukinzani wa karibu omu 25,000. Kisipouona, hakitoi volti 48, hivyo hata ukichomeka kompyuta ya kawaida haidhuriki. Aina ya pili ni bubu. Haiulizi wala haipimi, hutoa volti 12, 24 au 48 muda wote, na ukikosea kifaa unaweza kuunguza mlango wake wa mtandao siku hiyohiyo.

Njia tano, kuanzia ile iliyozoeleka

Bei za dukani hupanda na kushuka kila shehena mpya inapoingia. Kwa hiyo hapa nazipanga kwa ngazi, nafuu hadi ghali, na tarakimu naziweka pale zinapokaa: mita, wati, volti na uniti.

*Soketi mpya na adapta yake.* Unavuta waya wa umeme wa milimita 2.5 hadi kwenye kifaa, unaweka paipu na soketi, kisha unachomeka adapta iliyokuja na kifaa. Kwa kifaa kilichoko ndani ya nyumba, hatua chache kutoka soketi iliyopo, hakuna njia inayoishinda hii. Kwa kamera ya geti au ya fremu ya duka iliyoko barabarani, gharama hupanda haraka: waya huuzwa kwa mita, paipu kwa kipande, na kazi ya volti 230 inapaswa kufanywa na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Wanaokwepa gharama hiyo huning'iniza waya wa ekstensheni juu ya ukuta. Jua huukausha, mvua huuingia, na mtoto huufikia. Usifanye hivyo hata kwa wiki moja.

*Jozi bubu ya volti 12.* Hivi ni vikebo viwili vifupi. Kimoja hukaa karibu na soketi na kuingiza umeme wa adapta kwenye jozi ya bluu na ya kahawia, kingine huutoa upande wa pili. Ni njia rahisi kuliko zote kwa bei, kwa sababu ndani yake hamna saketi yoyote, ni nyaya na vichwa tu. Inafaa kwa kifaa kimoja cha wati chache, kwa umbali mfupi, na kwa mtu anayejua kila mwisho umeunganishwa na nini.

*Injekta ya kiwango na spilita.* Injekta hukaa ndani, huchomekwa kwenye soketi na kuweka volti 48 ndani ya kebo. Spilita hukaa mwisho, hutenganisha mtandao na umeme, na kushusha volti 48 hadi 12 au 5. Bei yake ni mara kadhaa ya jozi bubu. Hata hivyo kamera nyingi za kebo na vituo vingi vya Wi-Fi vya darini vinapokea 802.3af moja kwa moja bila spilita, hivyo soma karatasi ya kifaa kabla hujainunua.

*Swichi ya PoE.* Ni sanduku moja lenye milango minne au minane inayotoa umeme, pamoja na mlango wa kuunganisha ruta. Ni ghali kuliko injekta moja, lakini bei za injekta nazo hujumlishwa. Mara nyingi ukifika kifaa cha tatu, swichi moja inakaribia au inapita injekta tatu kwa unafuu, na inachukua soketi moja badala ya tatu. Angalia wati zote kwa jumla na si za mlango mmoja. Swichi ya milango minne yenye wati 60 kwa kawaida inaweza kulisha vifaa vinne vya 802.3af. Yenye wati 30 itavilisha viwili vizito, au vinne vyepesi.

*Sola papo hapo.* Kamera yenye paneli ndogo, betri yake na laini ya simu haihitaji kebo wala soketi. Kwa shamba, kiwanja kisicho na nyumba au geti lililo mbali sana, ni suluhisho zuri. Gharama yake haiishii dukani: kila mwezi kuna bando, na betri ya ndani huchakaa. Ukijumlisha bando la miaka miwili huenda ukaona kwamba kamera iliyoonekana nafuu imeipita ya kebo kwa gharama.

Hesabu ya LUKU

Tuchukue nyumba ya mfano iliyo juu kidogo ya barabara. Ruta iko sebuleni na hula wati 6. Kamera ya geti hula wati 4 kwa wastani wa usiku na mchana, kwa kuwa taa zake za kuonea gizani huongeza ulaji usiku. Kamera ya fremu anamokaa wakala wa pesa za simu hula nyingine 4. Jumla ni wati 14, saa 24 kwa siku.

Kwa adapta za kawaida, tukikadiria kwamba asilimia 85 ya umeme hufika kwenye kifaa, mita itasoma wati 16.5, yaani karibu uniti 11.9 kwa siku 30. Kwa swichi ya PoE, tukikadiria asilimia 80 inafika na swichi yenyewe inakula wati 4, mita itasoma wati 21.5, sawa na uniti 15.5. Tofauti ni karibu uniti 3.6 kila mwezi, na njia ya kebo ndiyo inayokula zaidi.

Uniti 3.6 ni shilingi ngapi? Inategemea uko kundi gani. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa nyumbani wa kundi la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, inakuwa shilingi 122. Mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, hulipa 292, na pamoja na makato hayo inafika karibu 356. Basi tofauti yetu ni kama shilingi 440 kwa mwezi kwa D1, na kama 1,280 kwa T1. Angalia meseji yako ya mwisho ya LUKU, gawa fedha iliyokwenda kwenye umeme na kodi zake kwa uniti ulizopata, kisha utumie namba hiyo. Kodi ya majengo inayokatwa kupitia LUKU usiiingize kwenye hesabu hii, maana haibadiliki ukitumia umeme mwingi au mdogo.

Mwenye D1 ana jambo moja la kuangalia zaidi. Uniti zinazozidi 75 katika mwezi hutozwa shilingi 350 kabla ya makato, yaani 427 baada yake. Nyumba inayotumia uniti 72 ikiongeza swichi na kamera mbili itavuka mpaka huo. Gharama ya kamera hapo itakuwa ile ya uniti za juu, zenye bei zaidi ya mara tatu ya zile za chini. Kabla ya kufunga chochote cha saa 24, jumlisha uniti ulizonunua miezi mitatu iliyopita. Kama uko karibu na 75, tafuta kwanza cha kuzima.

Hesabu hiyohiyo inasaidia kuamua kati ya swichi mbili dukani. Ikiwa moja ni nafuu kwa shilingi 20,000 lakini inakula wati 5 zaidi bila kufanya kazi ya ziada, hizo wati 5 ni uniti 3.6 kwa mwezi. Kwa mteja wa T1, unafuu wote utakuwa umekwisha kabla ya mwezi wa 16 kumalizika, na baada ya hapo unalipa ziada kila mwezi.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo njia ya kebo inapolipa. Wakazi wa Mwanza wanaukumbuka mgao wa mwaka 2023 na mwanzo wa 2024, kabla ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuingiza umeme kwenye gridi. Mgao ule umepita, lakini kukatika kwa sababu ya mvua, matengenezo au nguzo iliyoanguka hakujaisha. Kamera inayozimika umeme unapokatika inakuacha gizani saa unayoihitaji zaidi.

Kwa adapta tatu zilizosambaa unahitaji betri tatu: moja sebuleni, moja getini, moja kwenye fremu. Kila moja inanunuliwa, inachajiwa, inachakaa na kubadilishwa kwa wakati wake. Kwa swichi moja unahitaji betri moja, ndani ya nyumba, mahali pakavu ambapo mwizi hafiki.

Angalia saa utakazopata kwa mzigo wetu wa wati 21.5. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 7, ile inayokaa ndani ya UPS ndogo za kompyuta, ina Wh 84. Ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 42 za kutumia. Ikilisha swichi moja kwa moja kwa DC, kupitia kifaa cha kupandisha volti 12 hadi 48, utapata karibu saa mbili. Ukiitumia ndani ya UPS inayogeuza DC kuwa volti 230, kisha adapta ya swichi ikairudisha kuwa DC, sehemu ya umeme inapotea katika mizunguko hiyo na UPS yenyewe inakula wati zake. Huenda ukapata saa moja na robo tu. Betri ya lithiamu fosfeti ya volti 12.8 na Ah 12 ina karibu Wh 154. Ukitumia asilimia 80, unafika saa tano na nusu hivi, na betri hiyo huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi kuliko ya risasi. Mwenye paneli ya sola juu ya bati ameshapata nusu ya mfumo huu. Achague swichi inayopokea volti 12 za DC ili asipitie inveta.

Kama una ruta peke yake, usinunue swichi. Nunua UPS ndogo ya DC inayokaa pembeni ya ruta. Lakini isome vizuri. Ile mAh 8,800 iliyoandikwa kwenye sanduku kwa kawaida ni ya seli za volti 3.7, kwa hiyo ni Wh 32 au 33. Ukiizidisha kwa volti 12 ukadhani una Ah 8.8 za volti 12, umejidanganya mara tatu. Kwa ruta ya wati 6, baada ya kutoa upotevu, tarajia kati ya saa nne na tano. Vingi vya vifaa hivi vina pia mlango ulioandikwa POE wenye volti 15 au 24. Huo ni mlango bubu. Usichomeke humo kompyuta, televisheni wala ruta ya kawaida.

Volti, mita na kebo yenyewe

Ukikaa kwenye mteremko wa Butimba unajua kwamba maji yenye msukumo mdogo hayafiki juu, hata kama mtambo wa Butimba wa mamlaka ya maji ya Mwanza (MWAUWASA), wa lita milioni 48 kwa siku, uko jirani. Umeme ndani ya waya mwembamba nao unahitaji msukumo, na msukumo wake ni volti.

Waya wa shaba wa kebo ya Cat5e una ukinzani wa karibu omu 8.4 kwa mita 100. Ukipeleka umeme kwa jozi moja na kuurudisha kwa nyingine, kebo ya mita 25 inakuwa na karibu omu 2.1, kwenda na kurudi. Ruta ya volti 12 inayovuta ampea 0.8 itapoteza volti 1.7 njiani na kupokea 10.3. Nyingine zitavumilia, nyingine zitajizima na kuwaka, na utalaumu mtandao bure. Nguvu hiyohiyo ikisafiri kwa volti 48 inahitaji ampea 0.2 tu, inapoteza volti 0.42, na umeme unaogeuka kuwa joto ndani ya kebo unapungua mara 16. Kwa chaja ya simu ya volti 5 na ampea 1, kebo hiyohiyo ingeacha volti 2.9 mwishoni, na simu haingechaji kabisa. Kwa hiyo jozi bubu ya volti 12 ibaki ndani ya mita 10 hivi. Zaidi ya hapo, tumia volti 48 na ushushe mwishoni.

Mahesabu hayo ni ya shaba halisi. Sokoni zimejaa kebo za alumini iliyopakwa shaba, zenye alama CCA. Ni nyepesi na nafuu, ila ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba kwa nusu nzima au zaidi. Ile ruta ya mita 25 ingepokea volti 9.4. Nyaya zake pia hukatika upesi zikikunjwa, na viungo vyake hupata kutu na joto. Kwa mtandao mtupu zinaweza kukupeleka miaka, lakini kwa kubeba umeme zikatae. Kuzitambua ni rahisi: omba kipande, kwangua waya mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini. Shaba ni nyekundu hadi ndani.

Kipande chako cha stoo nacho kipime hivyohivyo kabla hujakipa kazi. Kilichokaa darini kikague kama panya wamekitafuna, na fundi aweke kipimo cha kebo kuhakikisha nyaya zote nane zimefika. Kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu katikati ya kebo hakifai kupitisha umeme. Kama kebo itapita nje, iwe ya ganda jeusi la kuvumilia jua au iingie kwenye paipu. Na isipite kamwe kwenye paipu moja na nyaya za volti 230.

Radi na mawe

Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi. Mchana upepo wa ziwani husukuma mawingu kuelekea nchi kavu, na usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji yenye joto na kuzaa dhoruba. Butimba iko ukingoni mwa ziwa hilo. Kebo ya mtandao inayotoka nyumba kuu kwenda getini ni waya mrefu wa shaba, na radi ikipiga jirani inaweza kuzalisha ndani yake volti za kuua swichi, ruta na kamera zote kwa pigo moja, bila kuipiga nyumba yenyewe.

Kinga yake ni kizuia radi cha kebo ya mtandao kinachounganishwa na ethi. Lakini Mwanza imejengwa juu ya mawe ya graniti, na fimbo ya ethi haizami kwenye mwamba. Ethi iliyosimikwa kwenye udongo wa sentimita chache juu ya jiwe haifanyi kazi inayodhaniwa. Fundi aipime kwa kipimo chake, asiikadirie kwa macho, na itafutwe sehemu ya bonde yenye udongo wenye unyevu ikiwezekana. Gharama hiyo iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Bila hiyo, kebo ndefu ya nje ni bahati nasibu kila masika na kila vuli.

Kwa majengo mawili yaliyo mbali, au ambapo ethi nzuri haipatikani, kuna njia nyingine: unganisha mtandao kwa Wi-Fi au kwa faiba isiyo na waya wa chuma ndani yake, na umeme wa jengo la pili uutoe palepale, kwa soketi yake au paneli ndogo ya sola. Faiba haipitishi radi, na haipitishi umeme pia, hivyo inakulazimu kutafuta chanzo cha pili. Kwa fremu iliyo mita 60 chini ya kilima hilo ni bora kuliko kuyaunganisha majengo mawili kwenye hatari moja.

Vifaa visivyofaa

Njia hii ni ya vifaa vidogo. Ruta, kamera, kituo cha Wi-Fi, simu ya intaneti, kengele ya mlango, taa ya LED ya wati 5 na chaja ya simu kupitia spilita ya volti 5 vyote viko ndani ya wati 12.95. Feni ndogo ya DC inaweza kuingia ukisoma wati zake. Televisheni, kompyuta mpakato ya wati 65, pasi, friji na birika havihusiki, hata muuzaji akuonyeshe swichi kubwa kiasi gani. Wati 90 za 802.3bt zipo, ila vifaa vyake ni ghali, na kwa nyumba ya kawaida soketi bado ndiyo jibu.

Uamuzi

Una ruta peke yake: UPS ndogo ya DC, basi.

Una kifaa kimoja ndani ya mita 10 bila soketi karibu: jozi bubu ya volti 12 inatosha, kwa kebo ya shaba, na uandike kwa kalamu kwenye ncha zote mbili kwamba ina umeme.

Una kifaa kimoja au viwili kati ya mita 10 na 100: injekta ya 802.3af, na spilita pale tu kifaa kinapoihitaji.

Una vitatu au zaidi, au unataka kamera zisizime umeme ukikatika: swichi ya PoE ya kiwango inayopokea DC, pamoja na betri moja ya lithiamu fosfeti. Hili ndilo chaguo ninalolipendekeza kwa nyumba nyingi zenye geti na fremu, mradi kebo za nje zina ethi iliyopimwa.

Majengo yako mbali, au yako juu ya mwamba mtupu: Wi-Fi au faiba kwa mtandao, sola au soketi kwa umeme.

Kabla hujatoa fedha, muulize muuzaji mambo matatu na ujibiwe kwa maandishi ya kwenye kifaa, si kwa mdomo: kebo ni shaba au CCA, PoE hii ni 802.3af au ni bubu, na swichi ina wati ngapi kwa jumla. Asiyeweza kukuonyesha hata moja kati ya hayo, muage kwa heshima ukaulize duka la pili.